Kabla hujamlipa fundi, fungua kile kifuniko cha mbele

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia akiwa amekata tamaa. Kapata Nintendo 64, ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye runinga, kwa bei ya kutupa, kwenye vitu vya mtumba. Kaichomeka, taa nyekundu ikawaka, lakini kwenye runinga giza tupu. Fundi kamwambia bodi imekufa. Nilicheka, kisha moyo ukaniuma, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi nikiwa kijana wa shule.

Yangu ililetwa na mjomba kutoka London. Plagi yake ya pini tatu iliingia ukutani kwetu Mombasa bila adapta, na kwa miezi kadhaa mimi ndiye niliyekuwa mtu pale mtaani. Wenzangu wote walikuwa na PlayStation. Kilichoniponza ni kaseti moja ya gemu, Perfect Dark. Ukiiweka kwenye mashine isiyoongezwa memori inakupa vipande tu: utapigana na wenzako kidogo, lakini misheni zote zimefungwa mpaka uwe na Expansion Pak, kile kipande cha kuongeza memori. Basi nikafungua kile kifuniko kidogo mbele ya mashine, nikakuta humo tayari kuna kitu kimekaa. Nikajiambia, kumbe hiki ndicho kinachoziba njia. Hakikuwa na pa kukishika. Nikachukua koleo la baba, nikakivuta, kikatoka na alama za meno ubavuni. Chepesi, kama kitupu. Nikampa mdogo wangu achezee, na sijakiona tena hadi leo.

Kuwasha: giza.

Fundi akaifungua, akaipuliza, akapokea pesa, akasema bodi imeungua. Kaka yangu akanibandika jina la "Injinia". Hadi leo kwenye harusi za ukoo kuna watu wananiita hivyo wasijue lilitoka wapi.

Kile kitu kinaitwa Jumper Pak. Hakina memori hata chembe. Memori ya mashine hii, aina ya Rambus, imepangwa kwenye njia moja inayofika hadi kwenye ile nafasi ya mbele, na njia hiyo lazima ifungwe mwishoni. Ukiiacha wazi, mashine inapata umeme lakini haianzi. Expansion Pak inaifunga vilevile, na juu yake inaongeza MB 4 kwenye zile 4 za kiwandani. Yaani bodi yangu ilikuwa nzima miaka yote ile iliyokaa juu ya kabati! Nimeijua siri hii ukubwani, nikaagiza Expansion Pak iliyotumika, ile ya asili yenye kichwa chekundu, na mwezi uliopita mashine imewaka. Sioni haya kusema nilipiga vigelegele peke yangu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kwanza fungua kifuniko. Nafasi ikiwa tupu, ugonjwa umeupata. Ikiwa na kitu, kitoe taratibu kwa kile kidude maalumu cha kung'olea au kitu chembamba cha plastiki, usitumie koleo, nasema tena, usitumie koleo. Pangusa meno yake ya kupitisha umeme kwa spiriti, yakauke, kirudishe hadi kikae sawasawa. Na ukikitoa, kitunze.

Expansion Pak usiichanganye pia na memori kadi. Ile MB 8 ya PlayStation 2 ni ghala la kuweka ulipofikia. Hii ni upana wa sinia mnalolia chakula, yaani nafasi ya mashine kufanyia kazi wakati mnacheza.

Halafu usitarajie miujiza. Gemu ya Super Mario 64 ya 1996 haitabadilika hata kidogo, maana iliandikwa bila kuijua. Donkey Kong 64 ya 1999 na Majora's Mask ya 2000 haziendi kabisa bila Expansion Pak. Lakini hata ukiwa na MB 8, chipu ya picha bado ina KB 4 tu za kushikia michoro inayobandikwa ukutani na kwenye nyuso, na hizo hakuna pak itakayoziongeza. Ndiyo maana kuta za gemu nyingi za N64 zina ukungu ule. Prosesa nayo ni ile ile ya MHz 93.75. Ukiipandisha Perfect Dark kwenye picha kali, inapendeza mpaka risasi zianze kurushwa, hapo inasuasua kama daladala mlimani.

Vijana, mna haraka. Mnang'oa kwanza, mnauliza baadaye, na fundi asiyejua naye anaona aibu kusema sijui, basi anaiua bodi kwa mdomo. Muulizeni akuonyeshe palipoungua. Yule wa kwangu sikumwuliza.

Msomaji wangu kanijibu jana kwa picha. Kifuniko kiko wazi, ndani vumbi na nafasi tupu. Nimempelekea kaka yangu ile picha. Kaiona, hajajibu, lakini jioni kapiga simu kuuliza kama nina pedi ya pili ya kuchezea.