Kupanda Lushoto na gari dogo, matembezi tu

Mkuu, nimekuelewa: huna shughuli Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, unataka tu kumtoa mama watoto Jumapili mkazunguke na gari, ila unauogopa mlima na injini yako ya cc 1300. Kutoka Mombo, pale chini unapoiacha barabara kuu, ni kama kilomita 33, lami tupu, nyembamba, kona juu ya kona.

Kupanda si tatizo. Kagua maji ya rejeta ukiwa Mombo, zima AC, fungua vioo. Kwenye kona kali piga honi, maana basi likishuka linachukua barabara yote. Soni simameni muone maporomoko, mnunue na matunda.

Kazi iko kwenye kushuka. Weka gia namba mbili, au L kama ni otomatiki, usikanyage breki muda wote. Mimi niliwahi kushuka na D, gia ya kawaida ya otomatiki, mpaka harufu ya kuungua ikajaa ndani. Tulikaa pembeni nusu saa breki zipoe (shemeji yako hajasahau). Kama pedali inazama au breki zinalia tangu nyumbani, usipande kabla fundi hajafungua matairi akaangalia pedi. Masika ahirisha, na geuza mapema, giza lisikukute kwenye kona.