Gari moja, miji mitatu: fedha ya kwanza iende kwenye maji

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: kikosi kimoja cha zimamoto kikikabidhiwa miji midogo kadhaa, kinakwamia wapi? Wengi watajibu kwamba magari ni machache. Ni kweli ni machache, lakini gari la pili likiletwa kabla maji hayajapangwa, litasimama kavu kando ya lile la kwanza.

Tupige hesabu. Gari lenye tangi la lita 5,000 linapofunguliwa mpira mmoja wa milimita 45, hutoa lita 400 hadi 500 kwa dakika. Mipira miwili inalimaliza tangi ndani ya dakika sita hivi. Hapo ndipo watu wanapopiga kelele kuwa gari limekuja bila maji, ilhali lilifika limejaa.

Baada ya hapo kila kitu kinategemea boza. Chukua boza la lita 10,000 na mahali pa kuchotea pakiwa kilomita 6 kutoka sokoni. Kwenda na kurudi kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni dakika 24. Kujaza kwa lita 1,000 kwa dakika ni dakika 10, kumimina dakika 5. Mzunguko mmoja ni dakika 39, sawa na wastani wa lita 256 kwa dakika, yaani karibu nusu tu ya mahitaji ya mpira mmoja. Sasa badilisha sehemu ya kujazia iwe bomba la milimita 50, kama yalivyo mengi mitaani. Bomba hilo hutoa lita 235 hivi kwa dakika, kwa hiyo kujaza peke yake ni zaidi ya dakika 40, na wastani unashuka hadi lita 140. Bomba la milimita 100, kwa kasi ileile ya maji, hutoa lita 940. Upana wa bomba ukiongezeka maradufu, maji yanaongezeka mara nne.

Kwa nini bomba nene halipo? Kwa Tanzania Bara, Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 ilivitoa vikosi mikononi mwa halmashauri na kuviweka katika jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Amri ikawa moja, mafunzo yakawa ya namna moja, na hilo ni jema. Mabomba hayakuhama pamoja na askari. Mjini yako kwa mamlaka ya maji, vijijini kwa RUWASA (wakala wa maji vijijini), na soko ni mali ya halmashauri. Anayechora mtandao wa maji anafikiria ndoo za wananchi. Asipokaa meza moja na kamanda wa zimamoto kabla mtaro haujachimbwa, haidranti (mdomo wa bomba ambako zimamoto huunganisha mpira) inawekwa juu ya bomba lisiloweza kulisha pampu, au inafukiwa na lami barabara ikitengenezwa.

Pale panapotegemewa mto au bwawa, mwinuko nao una la kusema. Pampu huvuta maji kwa msaada wa kanieneo ya hewa, na kwa vitendo mwisho wake ni kina cha mita 7 hivi usawa wa bahari. Mwinuko unaokaribia mita 2,000, kama Njombe, unapunguza takriban mita 2. Daraja linalofaa kuchotea Bagamoyo, pwani, linaweza lisifae huko hata kidogo.

Magari ya msaada yana tatizo lake pia. La Uingereza huja na vichwa vya kuunganishia mipira vya dume na jike, la Ujerumani huja na vya Storz visivyo na dume wala jike, la Japani huja na vya kwao. Yakikutana kwenye moto mmoja, hayawezi kupeana maji bila adapta. Kila gari libebe seti yake ya adapta, na vipuri vya mipira vinunuliwe vya aina moja kwa kikosi kizima. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na gari.

Mitungi ya hewa ya kupumulia ya askari nayo husahaulika. Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi baa 300 (kipimo cha mgandamizo) una lita 1,800 za hewa. Kwa kazi nzito, lita 60 kwa dakika, ni nusu saa, na filimbi ya tahadhari hulia kabla. Kompresa, mashine ya kujazia mitungi hiyo, ikiwa makao makuu ya mkoa tu, kituo cha pembeni kinakabili moto wa pili kwa mitungi mitupu.

Umbali hatuwezi kuufuta. Kilomita 40 kwa mwendo wa 60 ni dakika 40, na chumba chenye masofa ya sponji kinaweza kuwaka chote kwa dakika tano hivi. Gari likifika, kazi yake mara nyingi ni kuokoa jirani. Kwa hiyo kila mji uwe na kikundi kilichofunzwa kutoa watu, kuzima umeme, kuondoa mitungi ya gesi isiyofikiwa na moto, kusogeza meza za biashara njiani, na kumweka mtu njia panda alipokee gari. Anayepiga 114, namba ya zimamoto, ataje mji, kata na mtaa kwanza, kisha alama inayojulikana.

Fedha ya kwanza basi iende kwenye tangi la lita 50,000 kando ya soko la kila mji, lenye mdomo wa kutolea maji wa milimita 100 na kichwa kinacholingana na mipira ya kikosi. Hilo linalisha mipira miwili kwa karibu saa nzima. Funguo zikae kwa mlinzi wa usiku, si kwa ofisa anayefunga ofisi jioni. Kila mwezi boza la lita 10,000 lijazwe hapo huku saa ikiangaliwa: likizidi dakika 20, tafuta valvu iliyofunguliwa nusu au tope chini ya tangi.