Vurugu zikizuka na una safari mkononi: kwenu mliofika ugenini majuzi

Mkianza masomo au kazi ugenini mnaulizana sana kuhusu bei za tiketi na uzito wa mabegi. Ni sawa, lakini naomba mniazime sikio kwa jambo ambalo wengi hulijua likiwa limeshawafika: nchi unayoishi ikichafuka wakati tarehe ya safari imekaribia. Miaka niliyokaa nje imenionyesha kwamba ndege mara nyingi ndiyo ya mwisho kukukwamisha. Kabla yake mtandao umeshazimwa, barabara zimewekwa vizuizi, mashine za benki zimeishiwa fedha, au pasipoti yako iko kwenye kabati la ofisi iliyofungwa.

Hilo la pasipoti linaniuma kuliko yote. Mapigano yalipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, uwanja wa ndege ulikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kushambuliwa, ukafungwa. Balozi kadhaa za Magharibi zikahamisha watu wake na kufunga milango, na pasipoti za Wasudani walioomba viza zikabaki ndani. Nyingine ziliharibiwa na wafanyakazi wa ubalozi kabla ya kuondoka, kama zinavyoharibiwa nyaraka nyingine wakati wa kuhama kwa dharura. Watu walibaki katikati ya risasi bila hati ya kuvukia mpaka, na hawakuwa wamekosa lolote.

Kwa hiyo hali ikianza kunuka, usiiache pasipoti kwa wakala, uhamiaji wala ubalozini kwa ajili ya ombi linaloweza kusubiri. Ikibidi kuiacha, dai stakabadhi yenye mhuri na namba ya ombi, na ubaki na nakala za ukurasa wa picha, wa viza na wa kibali cha ukaazi. Mwajiri anayetaka "kukutunzia" pasipoti, mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie.

Nyaraka za simuni ni nzuri mpaka simu ikose mtandao. Misri ilizimiwa intaneti usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2011. Simu za kawaida zilianza kurudi siku iliyofuata, intaneti ikasubiri hadi tarehe 2 Februari. Bangladesh Julai 2024 ilikuwa hivyohivyo: intaneti ikazimwa nchi nzima, amri ya kutotoka nje ikatangazwa, na wanafunzi wengi wa kutoka India wakaamua kurudi kwao kwa njia ya nchi kavu. Sasa fikiria tiketi yako iko kwenye barua pepe tu. Ichapishe. Andika kwenye karatasi ile namba ya uhifadhi ya herufi na tarakimu 6, simu ya ubalozi wako, simu ya shirika la ndege, na namba mbili za ndugu. Na nyumbani mkubaliane mapema kwamba ukinyamaza siku mbili, nani apige simu wapi, ili mama asikeshe kwenye mitandao akitafuta picha za maiti.

Tuje kwenye tiketi, maana hapa ndipo fedha za watu hupotelea. Ukisikia maandamano yametangazwa, usikimbilie kuifuta tiketi mwenyewe. Ukiifuta wewe, unabanwa na masharti ya tiketi uliyonunua, na zile za bei rahisi mara nyingi hazirudishi kitu. Shirika likiifuta lenyewe, unakuwa na nguvu ya kudai fedha zako au safari nyingine. Kwanza angalia kama shirika limetangaza ruhusa ya kubadilisha tarehe bila malipo. Mashirika mengi hufanya hivyo hali inapoharibika, na ruhusa hiyo huwa na siku ya mwisho. Kwa safari zinazoanzia Umoja wa Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inakupa uchaguzi wa kurudishiwa nauli au kutafutiwa njia nyingine, pamoja na chakula na malazi wakati unasubiri. Fidia juu ya hapo usiitarajie, kwa sababu misukosuko ya kisiasa inahesabiwa kuwa jambo lililo nje ya uwezo wa shirika.

Ukitafutiwa njia nyingine, soma kila kituo kabla ya kusema asante. Niliwahi kusimama foleni nyuma ya dada mmoja mwanafunzi ambaye karani alimpangia njia ya kubadilisha ndege mara mbili ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na zisizokaguana mipakani. Alifurahi, akasogea pembeni kupiga simu nyumbani. Muda mfupi baadaye akarudi machozi yakimtoka, karatasi imekunjamana mkononi: kuruka kutoka mji mmoja wa Schengen hadi mwingine ni sawa na kuingia Ulaya, na viza hakuwa nayo. Karani hakumuuliza, na usitegemee kwamba wako atakuuliza. Sema wewe, mwanzo kabisa: "Pasipoti yangu ni ya nchi fulani, nitafutie njia isiyohitaji viza ya kupita." Na kama ulinunua tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa fedha, jua kwamba shirika la pili halina habari na lililokukwamisha wewe kwenye la kwanza.

Bima ya safari inunuliwe kukiwa shwari. Tukio likishajulikana, bima utakayonunua baadaye kwa kawaida haitaligusa, na bima nyingi huondoa vita na mapinduzi kabisa. Tafuta ukurasa wa mambo yasiyolipwa, usome huo kwanza.

Kuhusu barabara, ushauri wangu ni mkali: usihatarishe maisha kuwahi ndege. Nyumbani penye maji, chakula na chaji mara nyingi ni salama kuliko kizuizi cha barabarani usiku. Ukilazimika kutoka, toka mchana, na tiketi iliyochapishwa mkononi, na fedha taslimu ndogondogo zilizogawanywa sehemu mbili. Usipige picha askari wala waandamanaji. Wewe ni mgeni, na picha moja inaweza kukuweka mahabusu.

Jiandikishe ubalozini wiki ya kwanza unapofika. Mkataba wa Vienna wa 1963, ule wa mahusiano ya kikonseli baina ya nchi, unataja kuwasaidia raia kuwa miongoni mwa kazi za ubalozi, lakini haukuahidi kiti kwenye ndege, na orodha ya kuhamisha watu ikiandaliwa, asiye na jina anatafutwa mwisho.

Jambo moja husahaulika: viza ikikaribia kuisha huku ndege hazipo, nenda uhamiaji kabla haijaisha, ukiwa na taarifa ya shirika kwamba safari imefutwa. Ofisi zikiwa zimefungwa, tuma barua pepe mara mtandao unaporudi, na uhifadhi nakala. Kama ulikuwa unakwenda likizo na unatarajia kurudi kazini au chuoni, hakikisha viza yako inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na mwandikie mwajiri au mkuu wa idara siku hiyohiyo ndege inapofutwa. Barua ya mistari mitatu yenye tarehe na namba ya ndege inatosha.