Matangazo ya kanisa kwa barua pepe hayawafikii wote

Bwana asifiwe, katibu. Umesema unawatumia waumini 600 kwa Gmail ya kawaida, baadhi hawapati, na wengine wanalalamika anwani zao zinaonekana na kila mtu.

Anza na anwani, maana ni siri za watu. Weka yako kwenye "To", za waumini zote kwenye "Bcc", sehemu inayoficha anwani za wapokeaji. Zikikaa kwenye "Cc", ambako kila mtu anaziona, mmoja akijibu kwa wote, ombi lake la maombi linasomwa na kanisa zima.

Kutofika nako kuna sababu: Gmail ya bure haikubali wapokeaji zaidi ya 500 kwenye barua moja, na ukivuka unaweza kufungiwa kutuma hadi saa 24. Gawa orodha kwa siku mbili, au, bora zaidi, hamia kwenye huduma ya kutuma barua kwa vikundi, yenye kiungo cha kujiondoa. Anwani zinazorudisha barua zifute. Ukizing'ang'ania, hata barua za wengine zitaanza kuangukia kwenye barua taka.

Bango usilitume kama picha tupu. Andika siku, saa na mahali kwa maneno, na kichwa kiseme jambo lenyewe: "Ibada ya Jumapili imehamia saa 3 asubuhi", si "Tangazo". Jina la mgonjwa lisitajwe kabla mwenyewe hajaridhia.