Insha ya GRE si swali la GS: kwa wadogo zangu mnaojiandaa hapa Kigoma

Jumamosi iliyopita, pale tunapokutana Mwanga, nilikusanya insha saba za mazoezi ya GRE, mtihani ambao vyuo vingi vya nje huutumia kuchagua wanafunzi wa shahada za juu, nikazisoma zote. Tano zilianza kwa kufafanua maneno ya mada, kama tunavyojibu GS (General Studies) kidato cha tano na sita. Nne zilikuwa na hoja sita kamili, kila hoja mistari mitatu. Mbili zilihitimisha kwa kuitaka serikali itoe elimu kwa umma, na mada yenyewe iliuliza kama vyuo vikuu viwalazimishe wanafunzi kusoma masomo ya nje ya fani zao. Nilirudi nyumbani na moyo mzito. Hakuna mvivu kati yenu. Mmepiga msuli, na bando mmenunua kwa fedha zenu. Ila insha zile nazijua. Niliandika ya namna hiyo mwaka 2019, ikanila mwaka mzima.

Basi nisikilizeni dada yenu.

1. Achaneni na hoja sita.

Mimi ni mtoto wa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Advance tulifundishwa kwamba insha ni utangulizi, hoja sita, hitimisho. Ukitaja hoja una alama yake, ukiieleza kidogo unaongezewa. Mfumo huo ulinivusha kidato cha sita, ukanisaidia hadi chuo, sikuwa na sababu ya kuutilia shaka. Nikapanda treni hapa stesheni, kilomita zaidi ya 1,200 hadi Dar es Salaam. Ada ya mtihani, dola zaidi ya 200, kaka yangu aliitoa kwenye mauzo yake ya dagaa.

Mada niliyopewa siitaji, kwa sababu kabla ya kuanza mtu unakubali masharti ya kutotoa maswali nje. Nitasema nilichokifanya. Kwenye karatasi ya rafu niliandika namba 1 hadi 6 kushuka chini, kabla hata sijaamua kama naikubali kauli au naipinga. Hoja ya kwanza na ya pili zilikuja upesi. Ya tatu niliitafuta. Ya nne ilikuwa ile ya pili, nimeibadilisha nguo tu. Nilipoanza ya tano, saa ya kwenye skrini ilibakiza dakika nane, na utangulizi wangu, uliofafanua maneno matatu ya mada, ulikuwa mrefu kuliko hoja yoyote. Maelekezo yaliyo chini ya kauli niliyapitia kwa jicho moja. Yalinitaka nieleze ni katika mazingira gani kauli ile isingekuwa kweli. Sikuligusa hilo hata kwa sentensi moja. Skrini ilibadilika yenyewe nikiwa nimeandika "Therefore, the government should", vidole bado viko juu ya kibodi.

Nilipata 3.0 kati ya 6. Kozi niliyoitaka ilidai 4.0. Matokeo yalipotoka, dirisha la maombi la mwaka ule lilikuwa linafungwa, na fedha ya kurudia sikuwa nayo. Ilibidi nimweleze kaka. Hakunilaumu, akaniuliza tu, "Sasa walikuuliza nini?" Nilipoanza kumweleza mada, nikajikuta naizungumza vizuri, kwa mifano ya nyumbani, pale pale uani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko alama. Nilikuwa na la kusema na sikulisema. Nilishusha nondo sita ambazo mtu yeyote angezishusha.

Msahihishaji wa insha hii hahesabu hoja. Anatafuta msimamo ulio wazi, sababu zilizochimbwa mpaka chini, mfano unaobeba hoja, na kama unaona pale msimamo wako unapoyumba. Hoja mbili zinatosha, tatu ni nyingi. Nilirudia mwaka uliofuata kwa hoja mbili nikapata 4.5.

Chukueni mada hii iliyo kwenye orodha ambayo ETS, wenye mtihani, wameitoa bure: kwamba ili kuelewa sifa kuu za jamii, ni lazima uchunguze miji yake mikubwa. Mmoja wenu aliijaza Dar es Salaam hoja sita: bandari, vyuo, viwanda, na kadhalika. Nikamuuliza, mama yako anafanya kazi gani? Akasema anaanika dagaa mwaloni Kibirizi. Nikamwambia insha yako ndiyo hiyo, mdogo wangu. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa zinapoteza nguvu ya kuwavuta, mitumbwi inalala, chanja zinabaki tupu, na duka la mtaani linafungua daftari la madeni. Mtafiti aliyeichunguza Dar es Salaam peke yake hatajua kwa nini familia ya mwaloni inapanga matumizi yake kwa kuangalia mwezi. Hiyo ni aya nzima, na hakuna mtahiniwa wa Mumbai wala wa Lagos atakayeiandika.

Kisha geuka upande wa pili. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, na uamuzi ule haukutoka mwaloni. Kwa hiyo yapo mambo ya Kibirizi yenyewe ambayo huwezi kuyaelewa bila kuangalia miji wanakokaa wenye mamlaka. Hapo umeonyesha kauli inakosimama na inakoanguka, na maelekezo umeyajibu.

Dakika tatu za mwanzo ni za kupanga, mbili au tatu za mwisho za kusoma ulichoandika. Kihariri chao hakisahihishi tahajia, kwa hiyo zima kisahihishi unapofanya mazoezi.

2. Madesa ya zamani yachomeni.

Tangu Septemba 2023 insha imebaki moja, ile ya Issue, ya kutoa msimamo wako juu ya kauli, dakika 30, na mtihani mzima ni saa 1 na dakika 58. Bado nawaona mnahangaika na insha ya Argument, ile ya kukosoa hoja ya mtu mwingine. Imeondolewa.

3. Msikariri neno kwa maana moja ya Kiswahili.

Kuna kijana wetu ana kaunta buku limejaa maneno, mwandiko mzuri, kila neno na maana moja mbele yake. Nampenda kwa bidii yake, ila lile daftari linamdanganya. "Qualified" ameandika "mwenye sifa". Ikija sentensi inayosema mhakiki aliipa kazi "qualified praise", yeye anasoma sifa tele, kumbe ni sifa zenye masharti, za kusita. "Sanction" ameandika "kuwekea vikwazo", na neno hilohilo hubeba maana ya kuidhinisha. Mgeni akikariri kwamba kaa ni mnyama wa pwani, ukimwambia "kaa hapa" atarusha miguu juu. Andikeni sentensi nzima, si neno na mshale.

Kwenye kujaza nafasi, funika majibu kwa kiganja. Tafuta kwanza neno linalogeuza mwelekeo: "although", "albeit", "far from". Tungepewa kwa Kiswahili, "Ingawa jirani anasifika kwa ukarimu, jana alionekana ______", hakuna ambaye angehitaji machaguo. Ungeshajua unatafuta uchoyo. Weka neno lako mwenyewe, ndipo ufunue. Na pale panapotakiwa maneno mawili kati ya sita, msikimbilie jozi ya visawe. Mara nyingi kuna jozi iliyowekwa pale kuwanasa, inafanana kabisa na haiingii kwenye sentensi. Ukipata neno moja kati ya mawili, au nafasi mbili kati ya tatu, hupewi nusu. Ni sifuri.

4. Jibu liko kwenye kifungu.

Tulipata kifungu cha mazoezi kuhusu sokwe. Nikaona nyuso zinang'aa, kwa sababu nani hapa hajui Gombe? Mwaka 1960 Jane Goodall aliwaona sokwe hapa kwetu wakivua mchwa kwa vijiti, na tangu shule ya msingi tunasimuliwa. Swali liliuliza mwandishi wa kifungu anadai nini. Watu wanne kati ya saba walichagua kwamba matumizi ya vifaa yanathibitisha sokwe wana utamaduni. Mwandishi hakusema hivyo. Alisema watafiti wengine wanadai hivyo, na yeye akaonyesha mashaka. Mlijibu mnachokijua na mnachokipenda. Nawaelewa, mimi pia ni wa hapa. Lakini kila jibu unalochagua, weka kidole kwenye mstari unaolibeba. Kidole kikikosa pa kukaa, liache. Na neno kama "proves" au "always" kwenye jibu, litazame mara mbili.

5. Haya mengine mnayajua, nayataja tu. Sehemu ya kwanza ya Verbal, yaani maswali ya maneno na vifungu, ni maswali 12 kwa dakika 18, ya pili 15 kwa dakika 23, na unavyofanya ya kwanza ndivyo inavyoamuliwa ugumu wa ya pili. Jibu baya halikatwi alama, msiache nafasi wazi. Swali likikung'ang'ania, litie alama uende mbele, utalirudia kabla sehemu haijafungwa. Mitihani ya mazoezi ya bure ya ETS, ile ya POWERPREP, iwekeni kwa wiki za mwisho, msiimalize leo kwa hamu.

Yule wa Kibirizi alinitumia rasimu ya pili juzi usiku. Hoja mbili, mwezi na mitumbwi, kisha ziwa lilivyofungwa. Nimeisoma mara tatu. Bado anaangusha "the" kila mahali, tutalishughulikia. Wengine njooni Jumamosi na mada hiyohiyo, mmeiandika dakika 30 kwa saa, na msisahau karatasi ya rafu mliyoitumia. Nitaanza kuisoma hiyo kabla ya insha. Nikikuta namba 1 hadi 6 zimeshuka chini, tunakaa wote wawili tunaanza upya.