Mkuu, usilipie hiyo redio ya DAB kabla hujajua mzee atashika mnara gani

Simama hapohapo. Mleta mada yuko Manchester, kaona redio ya DAB, yaani inayopokea matangazo ya redio ya kidijitali, imeshushwa bei, anataka kumpelekea mzee wake Muheza. Anauliza inafanyaje kazi, ina faida gani kwa msikilizaji, na achukue aina ipi. Hapo juu mtu kamjibu "chukua tu mkuu, Bongo tulishahama analojia tangu 2012". Kwa ushauri huo siwezi kunyamaza, maana maneno ya namna hiyohiyo niliwahi kuuziwa kwa pesa yangu.

Kilichohama 2012 ni televisheni. Tarehe 31 Desemba mwaka ule mitambo ya TV ya analojia ilizimwa Dar, watu wakakimbilia ving'amuzi. Redio haikuguswa. TBC Taifa, redio binafsi, redio za mikoani, msikilizaji wa kawaida anazipata FM, kwenye 88 mpaka 108, kama zamani. DAB haipo kwenye masafa hayo kabisa. Yenyewe inarushwa kati ya megahezi 174 na 240, na lazima pawe na mtambo unaorusha kwa mfumo huo. Manchester upo. Muheza haupo.

Mimi nilimnunulia mama, yuko Pangani. Duka lilikuwa London, na muuzaji nilimwambia wazi kwamba redio inakwenda Tanzania. Akanijibu bila kupepesa macho kuwa hii ni dijitali, inashika popote duniani. Kama alijua anachosema si kweli, ni tapeli. Kama hakujua, alikuwa anafanya nini nyuma ya kaunta ile? Mpaka leo sijamsamehe, na sina mpango huo.

Sasa sikia kilichotokea. Mama aliposikia redio mpya inakuja kutoka Ulaya, ile yake ya zamani akampa mlinzi wa shamba. Mpya ikafika Ramadhani ikiwa mlangoni. Mdogo wangu akaichomeka; plagi ya Uingereza ni ya pini tatu kama za kwetu, ikaingia bila adapta, kioo kikawaka, nyumba nzima ikashangilia. Akabonyeza kitufe cha kusaka stesheni. Ule mstari wa kwenye kioo ukatembea taratibu kutoka kushoto hadi kulia, ukafika mwisho, kikaandika: sifuri. Wakaihamishia dirishani na antena imevutwa yote, sifuri. Wakaitoa uani, sifuri. Wakatafuta FM, hakuna, kwa sababu kulikuwa na redio za DAB za mwanzomwanzo ambazo FM hazikuwekewa kabisa. Ramadhani yote mama akawa anakwenda barazani kwa jirani kusikiliza mawaidha na taarifa ya habari, kwenye kiredio cha Kichina cha betri mbili. Na mlinzi humnyang'anyi kitu ulichompa kwa mkono wako.

Nikairudisha Uingereza. Hata huku ikawa nusu kiziwi. DAB ya zamani inabana sauti kwa mfumo wa MP2. Mwaka 2007 ikaja DAB+, inayotumia mfumo mpya zaidi wa kubana sauti, AAC, inabana vizuri zaidi na stesheni nyingi zaidi zinaenea kwenye nafasi ileile. Redio ya zamani haiwezi kuifungua DAB+. Kwa hiyo ile yangu ikawa inashika BBC, lakini stesheni nyingi mpya hazitokei hata jina. Ingekuwa Norway ndiyo ningelia kabisa: kule walizima FM za kitaifa mwaka 2017, wakianzia mkoa wa Nordland Januari na kumalizia Desemba, na wanachorusha ni DAB+. Uswisi nako shirika la utangazaji la umma lilizima FM zake mwisho wa 2024.

Msinielewe vibaya, teknolojia yenyewe naipenda. Sauti inageuzwa namba, inabanwa, stesheni kumi na zaidi zinafungwa furushi moja lenye upana wa megahezi 1.5 hivi, kisha furushi linasambazwa juu ya vimawimbi 1,536 vinavyokwenda sambamba. Ndiyo maana mwangwi wa mlima au ghorofa hauivurugi kama unavyoivuruga FM, na minara mingi inaweza kurusha kwenye masafa yaleyale bila kugombana. Naendesha gari kutoka London mpaka Manchester naisikiliza BBC, sigusi kitu. Stesheni unaichagua kwa jina, na jina la wimbo unalisoma kwenye kioo. Ila mawimbi yakipungua hakuna kuvumilia: FM itakoroma na habari utaisikia, DAB inagugumia kidogo halafu kimya. Na betri inakula kuliko FM.

Yote hayo ni raha ya mtu mwenye mnara. Anza na mnara, redio baadaye. Uliza nani anarusha, kwa mfumo gani, pale redio itakapokaa, si pale unapoinunulia.

Na msidanganyike na zile "redio dijitali" za Kariakoo. Kilicho dijitali pale ni namba za kwenye kioo badala ya mshale. Mawimbi inayopokea ni FM ileile, na kwa Muheza hiyo ndiyo inayofaa.

Mkuu, mpigie mzee umuulize anasikiliza stesheni gani na inashika vizuri akiwa wapi nyumbani. Mnunulie FM nzuri, antena ndefu, inayokubali betri za kawaida umeme ukikatika. Akitaka dijitali kweli, kwenye king'amuzi cha TV chaneli za redio zipo. Kama ulishalipa, soma boksi: ikiandikwa FM pembeni ya DAB, ataitumia kama FM. Isipoandikwa, irudishe dukani leo kabla muda wa kurudisha haujapita. Na kwenye simu hiyohiyo mwambie asigawe ile ya zamani.