Binti Anataka Jebili, Nimnunulie?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Leicester, Uingereza, kwetu hasa Tanga. Binti yangu wa miaka 9 alienda kwa rafiki yake akakuta wanafuga jebili, vile vipanya vya jangwani vyenye mkia wa manyoya, tangu siku hiyo hatupumui, asubuhi jebili jioni jebili. Baba yake kagoma, anasema kwetu panya tunamtegea mtego leo nimnunulie chakula? Mi nilitaka nichukue mmoja tu wa kujaribia, na kuna tundu la plastiki nimeliona bei poa. Nianze na nini? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hilo tundu liache hapo hapo dukani. Jebili anatafuna plastiki kama wewe unavyotafuna muwa, wiki mbili tatu kashatoboa kona na yuko nyuma ya friji, na ukishafika hapo baba watoto atakuwa na haki ya kuweka mtego wake.

Halafu hilo la mmoja wa kujaribia futa kabisa. Hawa wanaishi kwa ukoo, akiwa peke yake anazubaa, anakosa wa kulala naye. Chukua wawili wa jinsia moja waliozaliwa pamoja, ila usije ukanunua mmoja leo na mwingine baada ya miezi ukamtumbukiza humo humo, wasiojuana wanapigana mpaka mmoja anakufa, sisemi kwa kukutisha. Na jinsia hakikisha mwenyewe au mpeleke kwa daktari wa wanyama, mi duka moja liliniuzia "dada wawili", haukuisha mwezi nafukua maranda nakuta vitoto sita vyekundu havina nywele, kama maharage mabichi yaliyomenywa, na mimba yao ni siku 25 hivi tu na jike anaweza kupandwa tena siku ile ile aliyozaa, sasa piga hesabu mwenyewe.

Sasa nyumba yao. Tafuta tangi la kioo la samaki, hata la mtumba, urefu karibu mita moja kwa hao wawili, juu weka wavu maana wanaruka. Ndani ujaze maranda yasiyo ya mierezi wala msonobari, hayo yanawaharibia kifua, changanya na nyasi kavu ili mashimo yasibomoke, kina sentimita 30 kama unaweza, 20 ndo mwisho wa kupunguza. Watu wengi hapa ndo wanapokosea, wanamwaga maranda kiganja kimoja halafu wanashangaa mnyama anakwaruza kioo kwenye kona usiku kucha. Anatafuta pa kuchimba jamani! Kitu kizito kama bakuli la mchanga au jiwe kikalishe juu ya sakafu ya tangi yenyewe au kwenye kibao, usikiweke juu ya maranda, wakichimba chini yake kitawaangukia. Mchanga ni wa kuogea, ule wanaouza kwa ajili ya chinchila, kinyama kingine cha kufugwa, utawaona wanavyojibingirisha utacheka. Gurudumu la kukimbilia liwe halina vyuma vya kupitana, mkia unanasa.

Na mkia huo ndo nataka binti akae chini umweleze kabla hamjaenda popote. Usimshike jebili mkia, kamwe. Ngozi yake inachomoka nzima kama soksi, unabaki mfupa mwekundu, na hairudi. Wa kwangu alishikwa na mtoto wa jirani, ni sekunde moja tu, mtoto alilia kuliko mnyama. Anabebwa kwa viganja viwili, tena ukiwa umekaa chini.

Kwa kweli jebili si mnyama wa kupakata akilala kifuani. Ni wa kumwangalia akifanya kazi zake. Kama binti anataka wa kukumbatia basi hapo mtakosana mapema. Saa nane za usiku utamsikia anatafuna boksi, au akishtuka anapiga miguu ya nyuma chini dum dum dum, tangi msiliweke chumba cha kulala.

Baba watoto mwambie hao si panya wa mtaroni. Wengi wanaofugwa Ulaya na Marekani wametokana na waliokamatwa mwaka 1935 pande za mto Amur, mpakani mwa Urusi na China, wakalelewa maabara huko Japani, 1954 wakapelekwa Marekani na 1964 wakafika hapo Uingereza. Mkojo wao kidogo sana, jangwa hilo, kwa hiyo hawanuki kama panya wa kawaida. Ila la dini kama linamsumbua amuulize sheikh, mi simo.

Na jingine, sheria ya hapo ya ustawi wa wanyama ya 2006 hairuhusu kumuuzia mnyama mtoto chini ya miaka 16, mwenye jukumu ni mzazi. Wanaishi miaka mitatu minne, binti atakuwa na 13, hamu imeisha, na maranda unabadilisha wewe.

Mwisho niambie, kiangazi mkienda Tanga wiki sita nani anabaki nao? Mtafute huyo mtu kwanza, akikubali kwa mdomo wake ndo uende kuangalia tangi.